Dansi Iliyoenea Dunia Nzima Ikamwacha Mtunzi Wake Nyumbani

Tarehe 25 Septemba 2019, katika viunga vya mji wa Atlanta nchini Marekani, msichana mmoja wa shule aitwaye Jalaiah Harmon alitunga mfuatano wa hatua za dansi kwa kufuata kipande cha wimbo uitwao Lottery, wa mwanamuziki K Camp. Akajipiga picha ya video pamoja na rafiki yake, akaiweka mtandaoni. Haukupita muda mrefu hatua hizo zikawa zinachezwa na vijana wa mabara yote, na zikapewa jina la Renegade. Hata hivyo, wengi wa waliozicheza hawakupata kumsikia Harmon. Waliamini kwamba aliyezitunga ni msichana mwingine, Charli D'Amelio, ambaye alikuwa na wafuasi wengi zaidi katika mtandao wa TikTok na ndiye aliyeifanya dansi hiyo ijulikane. Harmon aliandika chini ya video za watu akiomba jina lake litajwe. Wengine walimdhihaki na wengine wakampuuza. Mwezi Februari 2020 gazeti la New York Times lilipochapisha habari zake, ndipo alipotambuliwa, na tarehe 16 ya mwezi huo alizicheza hatua zake mwenyewe mjini Chicago mbele ya watazamaji wa mchezo wa nyota wa mpira wa kikapu.

Jambo hili lina ajabu yake. Kila video inayowekwa mtandaoni ina tarehe, ina saa, na ina jina la akaunti iliyoiweka. Haijapata kutokea katika historia ya sanaa ya kucheza kwamba kila mwigo uwe na kumbukumbu kamili kiasi hicho. Itakuwaje basi mtunzi apotee katika muda wa miezi michache, tena katikati ya kumbukumbu zote hizo? Ni rahisi kulaumu uroho wa watu, na uroho haukosekani. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika namna mitambo yenyewe ilivyoundwa, na katika tabia za mwili na akili ya binadamu anapoiga.

Chalenji na chombo chake

Vijana wetu huuita mwigo wa namna hii chalenji. Mtu hucheza kipande kifupi, kisha wengine hukicheza tena mbele ya simu zao, kila mmoja akijaribu kuonyesha kwamba naye anaweza. Mtandao ulioeneza desturi hii zaidi ni TikTok wa kampuni ya ByteDance ya China. Mwezi Agosti 2018 uliunganishwa na mtandao mwingine uitwao Musical.ly, ulioanzishwa Shanghai mwaka 2014, ambao watumiaji wake walikuwa wamekwisha kuzoea kujirekodi wakifuatisha nyimbo kwa midomo.

Msomaji asiyeutumia mtandao huo hana budi kufahamu jambo moja la kiufundi, maana mengi yanayofuata yanategemea hilo. Katika video hizi sauti na picha ni vitu viwili vinavyotengana. Mtu akipendezwa na video anaweza kubonyeza alama ya sauti yake, akaichukua sauti hiyo kama ilivyo, na kupiga picha yake mwenyewe juu yake. Sauti ina ukurasa wake, na katika ukurasa huo zimeorodheshwa video zote zilizoitumia. Hatua za dansi hazina ukurasa. Zinaonekana tu ndani ya picha.

Umbo la chombo hutengeneza pia umbo la dansi. Simu husimama wima, na kioo chake ni chembamba. Mchezaji akienda pembeni hatua tatu, ametoka nje ya picha. Ndiyo maana dansi hizi huchezwa papo pale aliposimama mtu, kwa mikono, mabega, kiuno na uso, na miguu hupewa kazi ndogo. Ukitaka kuona dansi ya miguu, ya kwenda na kurudi na kuzunguka uwanja, simu si mahali pake. Zaidi ya hayo, video za mwanzo zilipewa nafasi ya sekunde 15 tu. Mtandao uliongeza muda hadi dakika 3 mwaka 2021 na dakika 10 mwaka 2022, lakini chalenji zimebaki fupi, na ufupi huo una sababu nyingine mbali na kipimo cha kampuni.

Sababu hiyo ni kumbukumbu ya binadamu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani alionyesha kwamba akili huweza kushika kwa pamoja vitu vichache tu, kama saba hivi, na uchunguzi uliofuata umeishusha idadi hiyo hadi kama vinne. Tunayamudu mambo marefu kwa kuyafunga mafungu mafungu. Mwanafunzi wa dansi hufanya vivyo hivyo: hatua nne humgeukia fungu moja, mafungu manne humgeukia dansi nzima. Sekunde 15 za muziki wa kasi ya kawaida zina midundo kama 30. Ni kiasi ambacho kijana mwenye bidii huweza kukifunga na kukibeba katika jioni moja, bila mwalimu, kwa kuirudia video kila inapokwisha na kuanza tena yenyewe.

Nayo kasi haikuchaguliwa ovyo. Watu wakiachwa watembee au wapige vidole mezani kwa mwendo wanaoupenda, wengi huangukia karibu na mipigo miwili kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika. Nyimbo nyingi za kuchezwa zimo karibu na mwendo huo. Tena kucheza pamoja kuna tunu yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya nchini Brazil kwa wanafunzi 264 wa sekondari. Waliocheza kwa kufuatana sawasawa walijiona wa karibu zaidi na wenzao kuliko waliocheza kila mtu kivyake, na uwezo wao wa kustahimili maumivu uliongezeka, dalili ambayo watafiti huihusisha na kemikali za mwilini za kutuliza maumivu. Wazee wanaosema kwamba ngoma huunganisha watu walikuwa wakilijua jambo hili kabla ya Oxford, ingawa hawakulipima.

Hesabu ya kuenea

Tufikirie kwamba kila mchezaji anaigwa na wengine wawili. Kizazi cha kumi cha waigaji kitakuwa na watu 1,024, na kizazi cha ishirini watu 1,048,576. Sasa tubadili kidogo: kila wachezaji 10 waigwe na 9 tu. Ukijumlisha 1, na 0.9, na 0.81, na kuendelea hivyo bila kikomo, jumla haivuki 10. Kati ya tisa na kumi na moja ndipo palipo mpaka wa kufa na kuvuma, na ni hesabu ile ile wanayoitumia waganga wa magonjwa ya kuambukiza. Dansi nyingi mno huanzia chini ya mpaka huo. Hupita kwa ndugu na marafiki, zikaisha.

Basi zinazovuma huvumaje? Yamkini mtu angedhani hupita mkono kwa mkono kama uvumi wa sokoni. Mwaka 2016 Sharad Goel na wenzake walichapisha uchunguzi wa matukio kama bilioni moja ya kuenea kwa habari katika mtandao wa Twitter. Waliona kwamba mambo huenea kwa njia zote mbili, kwa kupokezana na kwa kutangazwa kutoka mahali pamoja, lakini ukubwa wa mvumo ulitegemea zaidi ukubwa wa mnara mkubwa kabisa uliolirusha jambo hilo. Mnara hapa ni akaunti yenye wafuasi wengi. Dansi ambayo kila wachezaji wake 10 huigwa na 9, ikirushwa na mnara na kupata waanzaji 100,000 kwa siku moja, huweza kufikia watu milioni moja bila kuwa na nguvu yoyote mpya ndani yake.

Na bahati nayo ina sehemu. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts waliichunguza bahati kwa jaribio zuri lililochapishwa mwaka 2006. Waliwapa watu 14,341 nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana wazisikilize na kuchukua walizopenda. Baadhi walichagua bila kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika dunia nane zisizoonana, na ndani ya kila dunia waliweza kuona ni wangapi wamekwisha kuuchukua kila wimbo. Nyimbo bora kabisa mara chache zilianguka vibaya, na mbaya kabisa mara chache zilipanda. Lakini nyimbo za katikati zilitupwa huku na huko. Wimbo mmoja ulioshika nafasi ya 26 kwa ubora ulikuwa wa kwanza katika dunia moja, na wa 40 katika nyingine. Tunapoiona dansi imevuma, tunapenda kueleza kwa nini ilistahili. Jaribio hili linatuonya kwamba, laiti historia ingerudiwa, huenda tungekuwa tunaieleza dansi nyingine kwa ufasaha ule ule.

Rudini sasa kwa Harmon. Dansi yake ilitoka katika akaunti yake, ikachukuliwa na mtu mwenye wafuasi wengi, aliyeihamishia TikTok na kubadili baadhi ya hatua za mwisho. Kutoka hapo ikaufikia mnara. Waliojifunza walijifunza kutoka mnarani, si kutoka chanzoni. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge aliliona jambo linalofanana na hili katika majaribio yake ya hadithi aliyoyachapisha mwaka 1932: hadithi ikipokezwa kutoka mtu hadi mtu hufupishwa, hulainishwa, na kile kisichoeleweka hutupwa. Katika mtandao hatua hazichakai sana, kwa kuwa kila mtu anaweza kuirudia video mara mia. Kinachotupwa kwanza ni maandishi yaliyo nje ya picha, na humo ndimo lilimokuwa jina.

Beni ilivyosafiri

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji kwenda Atlanta ili kuona dansi ikivuka mipaka. Katika miaka ya 1890 mijini Lamu na Mombasa ilianza ngoma ya Beni, iliyoiga bendi za kijeshi, magwaride yake na vyeo vyake. Ilikuwa ngoma ya mashindano: kikundi hiki dhidi ya kile, mtaa huu dhidi ya ule, kwa mavazi, kwa tungo na kwa ustadi wa kupanga mistari. Ikashuka pwani hadi Tanganyika, ikaingia bara, na vikundi vya Marini na Arinoti vikawa maarufu. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwachukua askari na wapagazi mbali na makwao, nao wakaichukua Beni hadi Nyasaland na kwingineko. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka 1975.

Tazama tofauti. Beni ilihitaji kama robo karne kutoka Mombasa hadi Nyasaland, na ilisafiri ndani ya miili ya watu. Kila ilipofika ilibadilishwa, ikatiwa lugha na dhihaka za mahali, hata ikawa ngoma ya wenyeji. Mtunzi wa kwanza hakujulikana, lakini kila kikundi kilikuwa na viongozi wanaojulikana, na aliyetunga vizuri alipata sifa mbele ya watu wake. Renegade ilihitaji wiki chache, ilifika karibu bila kubadilika, na sifa, pamoja na fedha za matangazo, zilikwenda kwa aliyeirusha. Sioni kwamba Beni inatufundisha kuyadharau mambo ya leo; mashindano yake yalikuwa na fujo na majivuno ya kutosha. Inatuonyesha tu kwamba kupotea kwa jina halikuwa jambo zito mpaka pale jina lilipoanza kulipwa.

Sauti ina alama, hatua hazina

Wimbo uitwao Jerusalema unaonyesha jambo hili kuliko mwingine wowote. Ulitungwa Afrika Kusini na Master KG, ukaimbwa na Nomcebo Zikode, na kutolewa mwaka 2019. Mwezi Februari 2020 kikundi cha Angola kiitwacho Fenómenos do Semba kiliweka video ya wachezaji wakila chakula uani, sahani mikononi, kisha wakaingia mmoja baada ya mwingine katika dansi ya mistari, ya namna inayozoeleka katika sherehe za Angola na kusini mwa Afrika. Ulimwengu ulikuwa karibu kufungiwa ndani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wauguzi, mapadri, polisi na wafanyakazi wa viwanja vya ndege wakaiga. Mwezi Septemba 2020 Rais Cyril Ramaphosa aliwahimiza wananchi wa Afrika Kusini waicheze katika Siku ya Urithi, tarehe 24.

Mwaka 2021 ikaja ankara. Kampuni ya Warner, yenye haki za wimbo huo nchini Ujerumani, ilizidai ada taasisi zilizokuwa zimeweka video zao hadharani, na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ililipa kwa ajili ya polisi wake. Madai hayo yalihusu muziki. Hatua zilizoufanya muziki huo uzunguke dunia hazikuwa na ankara yake.

Kwa nini kompyuta huitambua sauti upesi na hatua kwa shida? Sauti, kwa mashine, ni mfululizo mmoja wa namba, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde. Mwaka 2003 Avery Wang wa kampuni ya Shazam alieleza njia ya kuitambua: sauti hupasuliwa katika mawimbi yake, ya juu na ya chini, kisha huchukuliwa vilele vyenye nguvu tu, kama mtu anayechora ramani ya mbingu kwa nyota angavu pekee. Umbali kati ya kilele na kilele hugeuzwa namba, na namba hizo hulinganishwa na ghala la nyimbo. Hata kukiwa na kelele, nyota angavu hubaki. Kwa njia za namna hii mtandao huweza kujua kwamba sekunde kumi za muziki ni mali ya fulani.

Mwili haukubali kupunguzwa namna hiyo. Mkono ule ule ukipigwa picha kutoka kushoto huonekana tofauti na ukipigwa kutoka mbele. Kuna mtu mrefu na mfupi, aliyevaa kanga na aliyevaa suruali, chumba chenye mwanga na chenye giza. Tena kamera nyingi hugeuza kulia kuwa kushoto. Tangu mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipotoa programu ya OpenPose, kompyuta zimeweza kuvitafuta viungo vya mtu katika picha ya kawaida na kuviunganisha kama vijiti. Ni hatua kubwa. Lakini kuona viungo ni jambo moja, na kuamua kwamba mifuatano miwili ya viungo ni dansi moja ni jambo jingine, ambalo hata wacheza dansi wenyewe hubishana.

Mpaka kati ya hatua na utungo

Ubishi huo umefika mahakamani. Kisheria, dansi si yatima. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa umezitaja kazi za dansi tangu marekebisho ya mwaka 1908. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Swali gumu ni wapi hatua inapokoma na utungo unapoanza. Kurusha mkono ni kama neno, hakuna awezaye kulimiliki. Maneno yakipangwa hugeuka shairi. Je, maneno mangapi? Mwaka 2019 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kuisajili dansi fupi ya mwigizaji Alfonso Ribeiro kwa kuiona kuwa nyepesi mno. Lakini tarehe 1 Novemba 2023, katika kesi ya mtunzi wa dansi Kyle Hanagami dhidi ya kampuni ya michezo ya kompyuta ya Epic Games, mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa hoja kwamba dansi ipasuliwe katika mikao mimoja mimoja na kila mkao uonekane si kitu, ikairudisha kesi mahakama ya chini. Kipande kilichobishaniwa kilikuwa cha sekunde chache tu. Mimi naona mahakama hiyo ilikuwa karibu na ukweli kuliko ile ofisi, maana kinachoigwa katika chalenji si mkao bali mpangilio.

Wakati huohuo wachezaji hawakungoja mahakama. Mwezi Juni 2021 vijana weusi wengi wa Marekani, ambao dansi zao zilikuwa zikivuma kwa majina ya watu wengine, waligoma kutunga dansi ya wimbo mpya wa Megan Thee Stallion. Mwaka 2022 TikTok iliongeza kitufe kinachomwezesha mwigaji kuunganisha video yake na ile aliyoiga. Kitufe hicho hubonyezwa kwa hiari, na mwigaji huitaja video aliyoiona, ambayo aghalabu ni ya mnara.

Kwa kijana wa Temeke au Kisumu anayetunga hatua leo, yapo mambo machache yanayofuata moja kwa moja kutokana na maelezo haya. Maandishi ya chini ya video hudondoka, picha haidondoki. Basi jina na tarehe viandikwe ndani ya picha yenyewe. Dansi irekodiwe mara moja nzima kutoka mbele, mwili wote ukionekana, mbali na ile iliyopambwa kwa kukatwakatwa, kwa kuwa ndiyo itakayolinganishwa pakitokea ubishi. Na faili ya kwanza iliyotoka katika kamera itunzwe mahali pengine hata nafasi ya simu ikiwa imejaa, kwa maana ile iliyopakuliwa tena kutoka mtandaoni huwa imebanwa, na tarehe yake si tena tarehe ya siku dansi ilipochezwa.